Naomba ushauri: nautetea vipi ushuru wa mchele mbele ya mama lishe?

Wakuu, habari za jioni. Nauza mchele Tandale. Jumamosi kikundi chetu kina mdahalo, na mimi nimepangiwa kutetea ushuru mkubwa kwa mchele wa nje. Shemeji yangu analima Mbarali, kwa hiyo moyo uko huko. Tatizo wateja wangu wakubwa ni mama lishe, na hao kilo ikipanda shilingi mia tu wananinunia wiki nzima.

Ninachojua: ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, inachukuliwa iliyo kubwa. Ngano ni asilimia 35, ila wenye viwanda vya unga wamekuwa wakishushiwa hadi 10 kwa kuwa ya ndani haitoshi. Hapo ndipo watanibana.

Nilimpigia shemeji kumuuliza kama faida ya ushuru inamfikia. Akacheka, akasema bei ya shambani anapanga dalali.

Sasa, nitaonyeshaje kwamba anayenufaika ni mkulima na si dalali? Na wakidai mchele nao ushushiwe ushuru Januari hadi Machi unapoadimika, nikubali kwa masharti gani?