Yule wa dirishani kwenye matangi ya samaki, leo kanivua nguo

Mkwe_Mwema

Wallahi natetemeka naandika. Herufi ikiruka mtanisamehe, simu nimeishika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kichwa.

Leo Idi pili. Nimemtoa mama mkwe wangu Vanga, nimemtoa mke, nimetoa watoto wanne, mmoja si wangu ni wa jirani lakini alishavaa kanzu yuko mlangoni, utamwambia nini. Nikasema mwaka huu si Mama Ngina pale ufukweni tena, kutafuna mihogo na kuhesabu meli. Mwaka huu tutatazama samaki nyuma ya kioo kama watu wa kwenye televisheni. Mahali sipataji. Mnapajua. Na yeye mnamjua, yule wa dirishani, amekaa kizani na miwani ya jua kaipandisha kichwani. Aliyewahi kukata tiketi pale hahitaji kuambiwa zaidi.

Basi foleni ikatufikia. Mama mkwe ana kikapu chake cha ukindu mkononi, kile cha siku zote. Nimetoa salamu, jamaa hakuitikia. Akatazama kikapu. Akamtazama mama. Akarudi kwa kikapu. Akasema:

"Mama, samaki wa kupika wako Kongowea."

Samaki wa kupika! Wako Kongowea, sokoni! Nyuma yetu kuna watu wa Nairobi walioshuka treni Miritini kuja kuungua na jua, wote wakaangua kicheko, hata mtoto wao wa kwenye kigari, ambaye meno hana, alicheka.

Nilihisi ardhi yafunguka kuanzia pale hadi Mazeras. Mkwe wangu ni mtu ambaye mbele yake hata kupiga chafya naomba ruhusa. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kula naye nikashiba. Leo nimemleta mjini nimtembeze, naye aambiwa samaki wa kupika, tena mimi nimesimama ubavuni na pochi wazi kama mdomo wa chewa.

Hebu niwaambie huyu mama ni nani. Ni mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, wa miaka thelathini. Alikuwa karaini na mwiko mkononi kabla yule kijana hajaota jino la kwanza. Marehemu mzee alikuwa mvuvi wa madema. Samaki amjua kwa jina, kwa kabila, kwa mwezi anaonona. Huko ndani hatukuhitaji mtu wa kutuongoza. Wanangu tangu wazaliwe waambiwa wana usingizi wa pono, leo wamemwona pono yu macho matupu azunguka tangi, wakadhani tumewadanganya miaka yote. Bibi yao akawaeleza ngojeni usiku, wako pono hujifunika ute mwili mzima kama chandarua wakalala humo, na ukimmulika hashtuki. Kwa pweza kumeandikwa ukutani kuwa ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Mama akasema, "Mitatu, na hata mmoja hauna huruma. Alimng'ang'ania marehemu mkono siku ya bamvua mpaka maji yakaanza kujaa."

Halafu kuna picha ya papa shilingi, imechukua ukuta mzima, kibao chasema afika mita 12 na kupita, na chakula chake ni vijidudu vidogo vya baharini. Mama hakusoma kibao. Akawakalisha watoto chini akawapa kisa: Mungu alipendezwa sana na samaki huyu, akawapa malaika shilingi wammwagie mgongoni, ndiyo yale madoa meupe, na kila akipanda juu ya maji aenda kushukuru. Wale watu wa Nairobi waliocheka mlangoni wakaanza kutufuata tangi kwa tangi! Wakamrekodi! Kwa haki mama ndiye aliyefaa kulipwa.

Lakini mimi sikuwa nasikia kitu. Mimi masikioni ni Kongowea tu. Kwenye tangi la samaki taa, Kongowea. Samaki mkunga afungua mdomo na kuufumba, afungua na kuufumba, mimi namwona asema Kongowea. Nimerudi nyumbani nimewekewa pilau, nimeshindwa.

Mahamri yetu walituzuilia mlangoni, hayo nimesamehe. Tangi la farasi wa baharini lina maji, lina pampu, lina kibao, farasi hayumo, hilo pia nimesamehe. Samaki wa kupika sijasamehe.

Pesa sitaki kurudishiwa. Nataka aiteremshe ile miwani.

Chaza_7

Ni yeye! Mimi mwanangu ana miaka minne, anaingia bure. Kamtazama muda mrefu, akaniuliza kama asubuhi nimemnyoa ndevu.

BintiBondeni

Huyo huyo. Aliniambia chenji nitaichukua nikitoka. Nimetoka, dirisha limefungwa, miwani iko juu ya meza peke yake yanitazama.

Mzee_Kasa

Mimi naomba kuelewa kwanza. Kikapu cha ukindu mlikipeleka cha nini?

Mkwe_Mwema

Nepi na mahamri. Kwani kikapu ni kosa? Mama akibeba mkoba wa Ulaya ndiyo atasalimiwa?

Mzee_Kasa

Sijasema kosa. Nauliza tu kama kilinukia.

DafuBaridi

Nimekufa. Nizikeni.

Mjomba_wa_Vanga

Shemeji, asalaam aleikum. Huu uzi nimetumiwa na watu watatu tofauti. Mbona hujawaambia kwamba mama ndiye aliyeanza? Kabla yule kijana hajafungua mdomo, mama alishaliona bango la chewa pale juu ya dirisha, akauliza, "Huyu kilo pesa ngapi?" Amenipigia simu sasa hivi acheka mpaka akohoa. Asema kijana yule mwema, alimwelekeza.

Mkwe_Mwema

Shemeji, hayo tungeyazungumza nyumbani.

DafuBaridi

Nimefufuka, nimesoma hiyo, nimekufa tena.

Chaza_7

Kwa hiyo mtu kauliza samaki wa kununua, kaambiwa wanakouzwa, ndipo mkwe kazimia?

Mkwe_Mwema

Namna ya kusema! Hamkuisikia sauti! "WA KUPIKA" aliivuta kama mtu avuta jarife. Na salamu hakuitikia, hilo mbona mwaliruka?

Tandabui

Mimi huyo kijana namlaumu kwa jambo jingine. Kongowea mtu aenda kwa viazi, vitunguu na nyanya. Samaki ni Mji wa Kale, asubuhi, kabla jua halijakaza. Mtu amekaa na samaki mchana kutwa na hajui samaki wauzwa wapi?

BintiBondeni

Kongowea samaki wapo, usipotoshe watu.

Tandabui

Wapo. Nao wamelala usingizi wa pono tangu juzi.

BintiBondeni

Wewe ulinunua changu macho yameingia ndani ukanyamaza, ukafika nyumbani ukatiwa adabu. Soko lina kosa gani hapo?

MtuWaDeira

Nyie mwalia na vitangi. Huku Dubai lile tangi la ndani ya maduka lina lita milioni 10, na wasimama nje bila kulipa wawaona papa na taa wapita mbele yako. Mimi Idi tatu mfululizo nimesimama pale, peke yangu, na mkate wa dukani. Hakuna hata wa kunitukana.

DafuBaridi

Rudi nyumbani utukanwe, ndugu yangu. Dirisha liko wazi.

Ng'ambo_Likoni

Watu wa kisiwani mna raha, mwagombana na madirisha. Mimi leo nimevuka na feri, mtu kapanda na mbuzi wawili, mmoja katafuna ncha ya buibui la mke wangu tukiwa katikati ya maji, huna pa kukimbilia. Namwambia mwenye mbuzi, aniambia, "Ametafuna tu, hajameza." Mke hasemi nami mpaka saa hizi. Mimi ndiye mbuzi?

Chaza_7

Ulikuwa umemtazama nani mpaka mbuzi akafika kwenye buibui?

Ng'ambo_Likoni

Usianze.

Mzee_Kasa

Mbuzi afadhali. Mimi tuktuk kutoka Buxton mpaka Saba Saba, kijana aniambia bei ya Idi. Namuuliza bei ya Idi ni ipi, asema ni ya jana mara mbili, kisha twaombana msamaha. Nikamlipa. Msamaha hakuomba.

Tandabui

Mmetaja bei, mmenigusa. Viazi karai je? Zamani kiazi wakigawa mara mbili na ndugu yako, nyote mwashiba. Sasa ni unga mtupu. Kiazi chenyewe ni kama yule farasi wa baharini wa huyu bwana: kibao kipo, mwenyewe hayumo.

BintiBondeni

Hapo twakubaliana kwa mara ya kwanza leo. Na ukwaju wautia maji mpaka waweza kuutawadhia.

Ng'ambo_Likoni

Yule mama wa viazi wa karibu na Ngomeni, pale Fort Jesus, ndiye pekee aliyebaki na haki. Viazi vyake vyatosha mkono. Lakini amehama.

Mjomba_wa_Vanga

Amehama?! Mimi nikija Mombasa naja kwa ajili ya yule. Jamaa wa kuona nasingizia tu.

Chaza_7

Hajahama mbali. Aligombana na muuza kachiri pale pale kwa sababu ya kivuli. Kila mtu asema mwembe ni wake.

Tandabui

Mwembe ulikuwa wa viazi. Wa kachiri alikuja baadaye na benchi.

BintiBondeni

Wa kachiri alianza kabla. Mimi nasoma chuoni nikipita pale kila alasiri, benchi lilikuwepo.

Mkwe_Mwema

Jamani, sasa yuko wapi? Mama arudi Vanga kesho alfajiri, na tangu tutoke kule kwenye matangi asema hamu yake ni viazi karai.

Chaza_7

Ukitoka Ngomeni ushike njia ya kuingilia Mji wa Kale, utaona wazee wacheza bao, mpite nyuma yao. Utasikia karai kabla hujaliona. Wahi kabla ya magharibi, vikiisha vimeisha.

Mkwe_Mwema

Na ukwaju mzito?

BintiBondeni

Mzito. Lakini nenda na chombo chako. Mifuko ya plastiki hana tangu ilipopigwa marufuku 2017, na gazeti lalowa.

Mkwe_Mwema

Twatoka sasa hivi. Mama ashachukua kikapu.