Kereng'ende wa Hine (Somatochlora hineana): anatambulikaje, na kwa nini hapatikani kwenye kila kinamasi?

Kinamasi_Baridi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kereng'ende huyu yumo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu 1995, ila picha zinazozunguka mtandaoni zinachanganya. Nyingine ni za mdudu wa kijani kitupu, nyingine ni wa kahawia mwenye michirizi. Alama za uhakika ni zipi? Na kwa nini anaonekana Illinois, Wisconsin, Michigan na Missouri tu, wakati vinamasi viko kila mahali?

MabawaManne
Ongeza na Ontario, Kanada. Kule kwenye ardhi oevu ya Minesing aligunduliwa 2007. Ohio, alikokusanywa kwa mara ya kwanza 1929, hayupo tena.

Sasa sura yake. Ni mkubwa: mwili una milimita 60 hadi 65, na mabawa yakiwa wazi ni takriban milimita 90 ncha kwa ncha. Macho ni ya zumaridi inayowaka. Kifua ni kijani chenye mng'ao wa chuma, na kila ubavu una michirizi miwili ya njano iliyopauka kama siagi, wa nyuma mpana kidogo na mfupi kuliko wa mbele. Tumbo ni jembamba, la kahawia iliyokolea hadi nyeusi.

Picha za kijani kitupu mara nyingi ni za kereng'ende mwingine, Anax junius. Kifua chake ni kijani cha jani bichi, hakina mng'ao wala michirizi, na dume ana tumbo la buluu. Huyo weka pembeni.

Kazi ipo kwa ndugu zake wa jenasi moja, maana Somatochlora karibu wote wana macho ya kijani na kifua cha kung'aa. Usiamue kwa rangi, angalia ncha ya mkia. Dume ana vibanio viwili vya kumshikia jike, na umbo lake hutofautiana spishi kwa spishi: vya S. tenebrosa vimepinda chini kama koleo, vya S. walshii vina kishada cha nywele (na huyo ni mdogo zaidi). Jike tazama chini ya mkia, kwenye bamba la kutagia. Picha moja safi ya ubavuni na moja ya ncha ya mkia kutoka juu zinafaa kuliko picha ishirini za macho.

Tena macho yanadanganya. Aliyetoka kwenye gamba siku chache zilizopita ana macho ya kahawia, na aliyekufa rangi humtoka. Wengi wanamkosea hapo.

MwambaChini
Nijibu la makazi. Kinachomfunga si kinamasi, ni mwamba ulio chini yake. Anataka mahali ambapo dolomiti (mwamba unaofanana na mawe ya chokaa) iko karibu na uso wa ardhi, udongo ni mwembamba, na maji ya chini ya ardhi yanachuruzika kupitia nyufa za mwamba. Maji hayo hutoka baridi na yenye chokaa nyingi, yakatengeneza vijito vya kina cha sentimita chache vinavyopita taratibu kati ya ndago. Ukitembea hapo unaona tope laini, majani yaliyooza, na maji ambayo kwa mbali hata hayaonekani. Bwawa zuri la kina kirefu lenye samaki halimfai kabisa.

Mpevu huruka kiangazi tu, kwa wiki chache. Jike huchovya ncha ya mkia kwenye maji haya ya kina kifupi au kwenye tope bichi, mara nyingi mfululizo. Maisha yenyewe yako kwa lava (mtoto wa kereng'ende, asiye na mabawa bado), anayekaa humo miaka kadhaa, mwili umejaa vinyweleo vilivyogandiwa na tope. Kwa hiyo kipimo cha eneo si wapevu wangapi wanaruka juu. Wanaweza kuwa wanawinda tu pembeni ya msitu, mbali na walikozaliwa. Tafuta magamba yaliyoachwa kwenye mashina ya ndago. Hayo ndiyo ushahidi kwamba wanazaliana hapo.

Kinamasi_Baridi
Ahsante sana wakuu. Hivyo vijito vya sentimita chache si vinakauka kiangazi? Lava anaponaje?

MwambaChini
Vinakauka kweli, na majira ya baridi vinaganda. Lava hujificha kwenye mashimo ya kamba wa maji baridi, wale wanaochimba hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Ajabu ni kwamba kamba huyo akimkuta lava anaweza kumla, lakini ukosefu wa mashimo ni hasara kubwa zaidi. Ukiona vichuguu vya tope vyenye tundu katikati, usivikanyage wala kuviziba.

Ndiyo maana matairi ya magari ya kuchezea matopeni yanaharibu kuliko yanavyoonekana: hukandamiza mashimo na kubadili mkondo wa maji. Machimbo ya mawe yanaondoa mwamba wenyewe au kupunguza maji ya chini. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inaingia kwenye maji hayo hayo. Matete yakivamia, ndago zinafunikwa. Ukiokoa kinamasi huku eneo linalokilisha maji, kilomita kadhaa juu, linajengwa, hujaokoa kitu.

MabawaManne
Na barabara zenyewe. Anaruka chini, mara nyingi mita moja hadi tatu, hivyo magari na treni humgonga. Daraja la barabara kuu ya I-355 juu ya bonde la mto Des Plaines, Illinois, lililofunguliwa 2007, liliinuliwa kwa sehemu kwa ajili yake.

Mwisho: wavu hapana. Kumkamata bila kibali ni kosa chini ya sheria ya shirikisho, hata ukimwachia. Piga picha ukiwa kwenye njia, andika tarehe na mahali, tuma kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani. Mahali kamili usipaweke hadharani.