Naomba ushauri: mbege, stauti na IPA, niandae chakula gani?

Wakuu, habari zenu. Jumamosi wenzangu wanne wanakuja kwangu Moshi, kila mmoja na bia anayoipenda. Mmoja analeta stauti nyeusi, mwingine IPA (bia chungu yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu) ya kiwanda kidogo cha Nairobi. Mimi mwenyeji natoa mbege, pombe yetu ya ndizi ya Wachagga, na hapo ndipo nimekwama.

Mbege ina utamu wa ndizi mbivu, uchachu wa kimea cha ulezi, na kauchungu ka gome la msesewe kanakobaki kooni. Tena ni nzito, inashibisha. Mara ya mwisho niliandaa kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, ikawa ndizi juu ya ndizi, kata za mbege zikarudi nusu. Niliumia kweli.

Sasa nafikiria mbuzi wa kuchoma, chumvi na ndimu tu. Je, ndimu haitagombana na uchachu wa mbege? Na mishkaki ya pilipili kwa IPA inafaa, au uchungu wa hopsi utazidisha ukali? Stauti nimeshaipangia maini ya kukaanga.

Mmoja wetu hali nyama kabisa, naye nisimsahau. Naomba mnijibu kabla ya Ijumaa, ndiyo siku naenda sokoni.