Waswahili wa Maskati walifikaje maofisini?

Kijana wa Tanga: Assalaam alaykum. Nimekuja Maskati kikazi. Juzi sokoni Matrah mzee mmoja, kanzu na kofia ya Kiomani, kanijibu kwa Kiunguja kilichonyooka kuliko Kiswahili changu. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 nayajua, na Waarabu wa asili ya Oman waliokimbia. Lakini kutoka pale hadi kwenye wizara za huku, watu hao walifikaje?

Abu Salim: Sultani Qaboos wa Oman. Alimpindua baba yake Julai 1970, akawaita Waomani walioko nje warudi. Basi.

Bint Vuga: Waalaykum salaam mwanangu. Abu Salim kasema kweli, ila damu ya Kiomani peke yake haimpi mtu kazi. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu, wanafunzi kama 900, wavulana watupu. Barabara ya lami kilomita 10 tu. Ikifika saa tatu usiku milango ya mji inafungwa, na anayetembea lazima ashike fanusi. Na mafuta yalishaanza kuuzwa tangu 1967! Zilipofunguliwa wizara, nani angeandika barua? Watu wa Unguja walikuwa wamesoma, wake kwa waume.

Mama alitua 1972 akitokea Dubai, mimi nina miaka kumi. Taipu ya Kiingereza akiipiga bila kutazama vidole. Ikija barua ya Kiarabu, herufi zote anazisoma, maana kahitimu msahafu chuoni, lakini lugha haijui. Basi alikuwa akiisoma kwa sauti, na tarishi, mzee wa Matrah asiyejua hata alifu, anamweleza kilichoandikwa. Barua moja, watu wawili. Ofisi ilikwenda hivyo miezi mingi.

Kijana wa Tanga: Subhanallah. Na mitaani mlipokewa vizuri, bibi?

Bint Vuga: Kazini, ndiyo. Mitaani tuliitwa Zinjibari, na si kwa mapenzi. Skulini mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa kwa kumwambia mwenzangu "ngoja". Neno moja tu. Bado linanichoma. Na linaniudhi pia hili la kusema "tulirudi". Mama kazaliwa Unguja, bibi yangu kazaliwa Unguja. Huku tulikuja. Wako waliotoka Mombasa, wako wa Burundi na Kongo, kila mmoja na Kiswahili chake.

Huyo mzee ukikutana naye tena, muulize mtaa wake wa Unguja. Kaa chini kabisa, maana atakutajia nyumba baada ya nyumba.