Natoka Lushoto kwenda Dar kwa mara ya kwanza, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Mtae, ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara, wiki ya pili sasa, natembea na begi langu la mgongoni tu. Asubuhi ukungu unafunika kila kitu, ukishaondoka unaiona nyika ya Mkomazi imetandazwa kule chini kama mkeka. Mama aliyenipa chumba ananiletea chai ya tangawizi na viazi vya moto kabla jua halijatoka. Usiku ni sauti za vyura tu.

Jumamosi lazima niteremke. Lushoto hadi Mombo ni kona tupu, kilomita 33 hivi, kisha barabara kuu mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi. Dar sijawahi kufika. Mwaka jana, kwenye stendi ya mji mwingine, nilichomolewa simu nikiwa bado kwenye ngazi ya basi. Tangu hapo kelele za wapiga debe zinanibana kifua kweli.

Sasa naombeni msaada. Nikifika giza limeshaingia, nilale hukohuko Mbezi au nisogee Kimara nipande mwendokasi? Jumatatu asubuhi nina boti ya Zanzibar, kwa hiyo nawaza gesti ya Kariakoo, ila rafiki yangu anasisitiza Sinza ni afadhali. Na uliyewahi kutoka kwenye utulivu kama huu ukaingia Dar siku hiyohiyo, uliwezaje? Au nipitie Tanga mjini kwanza, nilale siku moja?