Tupeane uzoefu: Vipele vya kuwasha huku Mtwara na Lindi, vyako vilianzia wapi?

Mkulima wa Tandahimba (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu. Msimu wa korosho umeshika kasi, na kila nyumba ninayopita kuna mtu anajikuna. Ukimuuliza, anajibu "nina aleji" basi. Akifika duka la dawa anasema hivyo hivyo, anapewa tyubu, anapaka, wiki ijayo yuko palepale. Neno "aleji" halimsaidii muuza dawa wala daktari. Kinachosaidia ni maelezo. Kwa hiyo anayechangia naomba aseme: vilianzia sehemu gani ya mwili, vinawasha zaidi saa ngapi, nani mwingine nyumbani anavyo, na kabla ya hapo alishika, alipaka au alimeza nini.

Naanza na mama yangu mdogo, anayebangua korosho za kuuza. Vyake vilianzia ncha za vidole vya mkono unaoshika korosho: ngozi ikawa nyeusi, ikakakamaa, ikabanduka. Hiyo ni kuungua. Katikati ya ganda la korosho kuna mafuta meusi makali yanayochoma ngozi. Baadaye vikaja vya aina nyingine, vidogo vyenye maji ndani, vinawasha sana, navyo havikutokea siku ileile ya kubangua bali kesho yake au keshokutwa. Vikafika kwenye kope na shingoni, sehemu ambazo ganda halikugusa kabisa. Ni vidole vyake ndivyo vilivyopeleka mafuta huko. Sasa anajipaka mafuta ya kula mikononi, anachovya vidole kwenye majivu, na akimaliza ananawa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine. Glavu zingekuwa bora zaidi, ila wabanguaji wengi hawana.

Bi Mikindani

Mwanangu, pole kwa mama. Mimi korosho sibangui, lakini mjukuu wangu kila msimu wa embe anatoka vipele kuzunguka mdomo na mashavuni. Tulidhani ni joto. Tabibu alipomtazama aliuliza swali moja tu: embe anazila vipi? Mtoto anaziuma na maganda yake, utomvu unamtiririka hadi kidevuni. Akatueleza kwamba mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na utomvu wa ganda la embe una kemikali zinazofanana na za mafuta ya korosho. Siku hizi namwoshea, namenya, namkatia vipande. Embe anakula na uso wake uko safi.

Baba Watatu, Masasi

Kwetu ilikuwa upele, ule wenyewe wa kuambukizana. Kijana alirudi likizo kutoka bweni, anajikuna usiku hadi halali. Mchana anatulia, akijifunika shuka tu balaa linaanza. Vilikuwa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Wiki kadhaa baadaye mama yake naye akaanza, kisha mdogo wao, na huyo mdogo vilimtoka hadi viganjani na nyayoni. Wakuu, mkiona kuwasha kwa usiku na nyumba nzima inafuatana, msitafute chakula cha kulaumu. Ni mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuwashwa, na muda huo wote anaambukiza wenzake.

Tulipewa ile dawa nyeupe ya maji ya kupaka, BBE. Kilichotuponya ni kupaka wote siku moja, hata ambaye hawashwi, kuanzia shingoni hadi unyayoni, na kurudia kama tulivyoelekezwa. Ya mtoto huongezwa maji, kwa hiyo ulizeni kipimo. Shuka na nguo tulizifua kwa maji ya moto tukaanika juani. Kuwasha kuliendelea kwa muda baada ya dawa, na hapo ndipo wengi hudhani dawa imeshindwa wakaanza kujipaka kila siku mpaka ngozi inaungua.

Dereva wa Kilwa Masoko

Mimi ni bodaboda, joto na suruali nzito kutwa. Lilinitoka mapajani kwa ndani, duara lenye ukingo ulioinuka wenye magamba, katikati pamepoa. Nikauziwa krimu ya mchanganyiko. Kuwasha kukaisha haraka, nikafurahi, lakini duara likazidi kutanuka na ukingo ukafifia, hata tabibu akapata kazi kulitambua. Ilikuwa fangasi, na ile krimu ilikuwa na dawa ya kutuliza mwasho ambayo inawapa fangasi nafasi ya kuenea. Nilipona kwa krimu ya fangasi pekee, na niliambiwa niendelee kuipaka hata baada ya alama kufutika.

Mkulima wa Tandahimba

Asante ndugu, hilo la krimu za mchanganyiko limejaa huku. Kuna aliyepata vipele kwenye kupulizia salfa, ule unga wa mikorosho?

Mpuliziaji, Newala

Nipo. Shingoni, kwapani na kiunoni kwenye mkanda, yaani palipo na jasho. Macho nayo huwaka. Nguo za mikono mirefu, kitambaa usoni, na kuoga ukishuka shambani. Mimi Septrin, dawa ya kumeza ya jamii ambayo nayo huitwa salfa, hunitoa vipele, nikaogopa salfa ya shambani ingenidhuru vilevile. Nesi akanieleza kuwa ni vitu viwili tofauti. Mwenye mzio wa Septrin hana lazima ya kudhurika na unga wa mikorosho.

Nesi, Ruangwa

Naongezea kuhusu dawa, maana ndiyo inayonitisha kuliko yote mliyoandika. Mabaka yaliyovimba yanayohama, hapa yanatoka pale yanaingia ndani ya siku moja, mara nyingi hutulia kwa dawa za mzio. Lakini midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, usisubiri asubuhi. Na ukimeza dawa mpya, kisha mdomo ukatoka vidonda, macho yakawa mekundu na ngozi ikauma au kubabuka, acha hiyo dawa, beba pakiti yake, nenda hospitali siku hiyohiyo.