Naomba ushauri: plastiki nyeusi za gari zimepauka, nifanyeje?

Assalaam alaykum wakuu. Nna RAV4 ya zamani, ile yenye plastiki nyeusi kwenye madigadi na chini ya milango, sasa zote zimekuwa kijivu, na hapo juu ya bampa ya mbele ukipitisha kidole kinatoka na unga unga mweupe. Gari inalala nje huku Nungwi, jua kutwa na upepo wa chumvi, banda sina. Rangi ya bodi iko poa kabisa ndo mana inaniuma.

Mafuta ya nazi nshapaka, inang'aa kweli lakini vumbi linaganda na mvua ikipiga tu kwisha habari yake, dawa ya tairi yenye silikoni nayo hivohivo. Fundi mmoja anasema tupitishe mashine ya hewa moto, weusi unarudi wenyewe, nami naogopa plastiki isije ikajikunja, alafu nasikia jua likipiga tena inapauka upya. Mwengine anataka apulizie rangi nyeusi, bila ya praima ya plastiki, ile ya chini ya kushikia rangi, si itabambuka hiyo?

Kiwi ya viatu msinambie tafadhali, nabeba watu na kanzu zao nyeupe.

Kuna aliotumia zile koting za seramiki, dawa za kukinga zinazopakwa juu ya plastiki? Zinahimili chumvi? Kabla ya kupaka nisafishe kwa sabuni tu au nipitishe na spiriti? Na Darajani au Mwanakwerekwe zinapatikana au mpaka niagizie Dar, bei zake zikoje?